Reli za Vijijini: Ya Kwanza, Ya Juu Kabisa, Iliyokufa Kijana na Zilizofufuka

Tangu treni ya umeme ianze kukimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, mazungumzo ya reli yamekuwa ya kasi tu. Kilomita 160 kwa saa, dakika ngapi hadi Morogoro, nani kamzidi nani ukanda huu. Sawa, kasi ni jambo jema. Lakini ile reli ya zamani ya upana wa mita moja, iliyosimama kila penye mwembe na mama mwenye sinia la mahindi, nayo ina rekodi zake, na baadhi hazitavunjwa kamwe kwa sababu hakuna mwenye akili timamu atakayejaribu tena. Nimezikusanya hapa zile ninazoona zinastahili kutajwa. Nyingi ni za kwetu. Mbili tatu ni za Eritrea na Wales, maana huko wametutangulia katika kazi moja ambayo nitaieleza. Mpangilio ni wangu, na anayebisha ana haki yake.

YA KWANZA KABISA

Muulize mtu wa Tanga, atakwambia reli ya kwanza Afrika Mashariki ni ya kwao. Mtu wa Mombasa naye atavutia kwake. Wote wamekosa. Mwaka 1879 Sultani Barghash bin Said wa Unguja, mwanamume aliyependa kila kilichokuwa kipya duniani, alijenga reli ya maili saba hivi kutoka kasri lake la Mji Mkongwe hadi Chukwani. Mwanzoni mabehewa yake mawili yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza kichwa cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Huyu ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, kwa hiyo tusishangae. Hakuna mkulima aliyepakia karafuu kwenye treni ile. Ilikuwa ya Sultani na wageni wake. Alipofariki mwaka 1888 reli iling'olewa, na kichwa kikaishia kuwa chuma chakavu.

Waunguja wa kawaida walipata treni yao mwaka 1905, kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilipojenga reli ya maili saba nyingine, safari hii kwenda Bububu. Ilipenya kwenye vichochoro vya mjini kisha ikaingia mashambani. Serikali iliinunua mwaka 1911, abiria wakaachwa mwaka 1922, na baada ya hapo ikabaki kuvuta mawe ya ujenzi wa bandari.

ILIYOCHUKUA MUDA MREFU KUFIKA

Hapa Tanga inapata tuzo yake, ingawa si ile iliyoitaka. Wajerumani walianza kutandika reli kutoka bandarini mwaka 1893. Mwaka 1896 walikuwa wamefika Muheza, mwendo ambao leo bodaboda anakwenda na kurudi kabla ya chai ya saa nne. Kampuni ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua kazi. Korogwe ikafikiwa mwaka 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kilomita 352 kwa miaka kumi na minane. Arusha ilibidi ingoje Waingereza, na treni iliingia huko mwaka 1929.

Linganisha na ng'ambo ya mpaka. Waingereza walianza Mombasa mwaka 1896, na kufikia Desemba 1901 walikuwa Kisumu, zaidi ya kilomita 930. Kasi hiyo ililipiwa kwa roho za watu: kati ya vibarua wa Kihindi wapatao 32,000 walioletwa, karibu 2,500 walikufa.

Kujivuta kwa reli ya Tanga hakukuwa hasara tupu. Mwaka uleule wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Marekani, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Treni na mkonge vikakua pamoja. Pongwe, Ngomeni, Muheza, Mnyuzi, Korogwe, Mombo, Mazinde: soma majina ya stesheni na utakuwa umesoma majina ya nchi ya mkonge. Miji kadhaa ya njia hiyo ilikua kwa kuzunguka stesheni, soko likiwa upande mmoja na kota za wafanyakazi wa reli upande wa pili. Hata leo ukitaka kujua umri wa mji mdogo wa Tanga au Kilimanjaro, anza kwa kuangalia paa la stesheni.

ILIYOJIFICHA ZAIDI

Kutoka Tengeni, kwenye reli hiyohiyo ya Tanga, kulikuwa na tawi ambalo wengi wa kizazi hiki hawajalisikia: reli nyembamba ya sentimita 75, kilomita 23, iliyopanda kuingia misitu ya Usambara Mashariki hadi Sigi. Ilijengwa kati ya 1904 na 1910 na watu wa mbao. Walitaka magogo ya msitu ule, na jirani yao alikuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kilichoanzishwa mwaka 1902. Magogo yalishuka, reli ikazeeka, msitu ukaimeza. Anayekwenda leo Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani hupokewa Sigi, kwenye nyumba iliyokuwa ya bwana stesheni wa Kijerumani. Wageni wengi huja kutazama vinyonga na ndege. Ningekuwa mimi ndiye mwongoza wageni, ningeanza na nyumba.

YA JUU KABISA

Tuzo hii haina mshindani kwetu. Stesheni ya Timboroa, kwenye reli ya Nakuru kwenda Eldoret iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, iko futi 9,001 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya mita 2,740. Karibu nayo reli yenyewe inafika futi 9,136. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa stesheni ya juu kuliko zote katika milki ya Uingereza na baadaye Jumuiya ya Madola, ikiizidi hata Ghum ya reli maarufu ya Darjeeling, ambayo iko mita 2,258. Jirani na hapo reli inakata Ikweta, na abiria aliyetoka Mombasa na shati la mikono mifupi alijifunza kwamba Ikweta nayo ina baridi ya kutetemesha.

Darjeeling imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1999 na watalii wanapigania viti. Abiria wa kawaida hafiki tena Timboroa kwa treni. Njia hiyo imebaki ya mizigo.

KICHWA KIKUBWA KULIKO VYOTE

Mwaka 1955 na 1956 kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester iliiuzia Reli ya Afrika Mashariki vichwa 34 vya aina ya Garratt, daraja la 59. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 250, na hakuna kichwa cha mvuke chenye nguvu kuvizidi kilichopata kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja, popote duniani. Ufundi wake ulikuwa kwenye umbo. Boila ilining'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kwa hiyo dude refu la mita thelathini na kitu lilipinda kwenye kona za Mombasa–Nairobi kama jongoo. Uzito ulisambazwa, reli nyepesi ikahimili.

Vyote vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Viwili vimebaki katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971: namba 5918, Mlima Gelai, na namba 5930, Mlima Shengena. Gelai uko kando ya Ziwa Natron na Shengena ndio kilele cha Upare wa Kusini. Yote miwili ni ya Tanzania. Reli ya pamoja ilivunjika na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kila nchi ikaondoka na ilichokishika, na ndiyo maana Mpare anayetaka kuona jina la mlima wake likiwa juu ya chuma hana budi kwenda Nairobi.

BEHEWA LENYE MKOSI MKUBWA

Limo makumbusho hayohayo. Juni 1900, katika stesheni ndogo ya Kima, afisa wa polisi Charles Ryall alilala ndani ya behewa akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Simba akaingia behewani na kumtoa yeye. Watu huchanganya kisa hiki na cha simba wa Tsavo. Wale walikuwa wawili, walisumbua ujenzi wa daraja mwaka 1898, na sasa wamekaushwa katika makumbusho ya Field, Chicago. Wa Kima ni simba mwingine na stesheni nyingine.

MZIGO WA AJABU KULIKO YOTE

Meli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kubeba meli nzima. Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa msumari kwa msumari, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari na kisha bara kwa treni. Ilishushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka uliofuata, ikaibuliwa mwaka 1924. Watu wa Kigoma wanaijua kwa jina la Liemba.

ILIYOKUFA KIJANA

Reli ya Kusini ilizaliwa kwa ndoto ya karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, iliamua kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa matrekta. Nachingwea haikuwa na bandari wala reli, basi vikajengwa. Treni ilianza kutembea mwaka 1949 kutoka Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi, na bandari ya maji marefu ya Mtwara ikawa tayari mwaka 1954. Tatizo ni kwamba mpango wenyewe ulifutwa mwaka 1951. Udongo ulikauka ukawa mgumu, matrekta yakavunjika, mvua zikagoma, na zaidi ya pauni milioni 36 zikaandikwa hasara. Reli ikawa tayari mazao yakiwa hayapo.

Iliendelea kujikongoja, hata ikapata tawi la Masasi, lakini mwaka 1962 ilifungwa na kung'olewa. Miaka kumi na mitatu tu. Kongwa na Nachingwea zikaja kupata kazi nyingine kubwa zaidi ya karanga: makambi ya wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika. Wazee wa Mtwara na Lindi bado wanailaumu serikali kwa mataruma yale kuondolewa, na korosho zao kupanda malori kwa miongo iliyofuata. Mimi nasimama na wazee. Mzigo ulikuja, reli ndiyo haikungoja.

ILIYOGEUKA SHULE

Uganda kulikuwa na reli ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912 kutoka Jinja hadi Namasagali kuyakwepa maporomoko ya Nile. Pamba ilishuka kwa meli kutoka Ziwa Kyoga, ikapanda treni Namasagali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalijaa, gati likafurikwa, biashara ikafa. Majengo hayakuachwa kwa popo: mwaka 1965 yaligeuzwa kuwa Namasagali College, shule iliyotoa watu wengi wakubwa wa Uganda. Ni mfano bora nilionao wa urithi wa reli uliotunzwa bila mtu kuuita urithi.

Na kwa haraka haraka, iliyojengwa risasi zikilia: Voi kwenda Taveta, iliyoanzishwa mwaka 1915 ili jeshi la Waingereza limfuate Mjerumani, ikaungana na reli ya Tanga huko Kahe mwaka 1916. Iliunganisha nchi mbili kwa sababu ya vita. Amani haikuitumia vizuri kiasi hicho.

YA KWANZA KUOKOLEWA NA WANANCHI

Sasa tuingie kwenye ufufuo, na hapa lazima twende Wales. Reli ya Talyllyn ilifunguliwa miaka ya 1860 kuteremsha mawe ya kuezekea hadi mji wa Tywyn, kilomita zisizofika 12. Mwaka 1950 mwenye mali, Sir Henry Haydn Jones, alifariki. Alikuwa ameapa kuiendesha maisha yake yote, akatimiza. Baada yake kila mtu alitegemea itafungwa. Mwandishi Tom Rolt akaitisha mkutano Birmingham Oktoba mwaka huo, na Mei 1951 watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa na kazi zao za ofisini na viwandani, wakaanza kuendesha treni. Kichwa kimoja tu, Dolgoch, ndicho kilichoweza kutembea. Vingine viwili walivinunua kutoka reli jirani iliyokwishafungwa, pauni 25 kila kimoja, na vinatembea hadi leo.

Hiyo ndiyo reli ya kwanza duniani kuhifadhiwa na wananchi wa kujitolea. Ilikuja wakati wake. Mwaka 1963 ripoti ya Richard Beeching ilipendekeza kufunga stesheni zaidi ya 2,300 Uingereza, nyingi za mashambani, na mahali pengi watu walikuwa na Talyllyn ya kuigia. Kuna kiroja kimoja zaidi huko. Reli ya Welsh Highland, iliyofufuliwa kwa urefu wa kilomita 40 na kukamilika mwaka 2011, inavutwa na Garratt za Beyer Peacock zilizorudishwa kutoka Afrika Kusini. Ndugu wadogo wa Mlima Gelai wanapanda milima ya Wales wakiwa na abiria. Mlima Gelai wenyewe umeegeshwa.

UFUFUO MKUBWA KULIKO WOTE

Tuzo hii naipa Eritrea bila kusita. Waitaliano walianza reli ya Massawa mwaka 1887 na kufika Asmara mwaka 1911: kilomita 118 kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,300, kwa mahandaki 30 na madaraja 65. Vita vya ukombozi viliisimamisha katikati ya miaka ya 1970. Reli na mataruma ya chuma viling'olewa na wapiganaji wa pande zote kujengea mahandaki ya vita. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1993 kilichobaki kilikuwa tuta na vichwa vilivyopata kutu.

Serikali ilitafuta bei kwa makampuni ya nje, ikaona ni kubwa mno, ikakataa mikopo. Mwaka 1994 ikawaita wazee: madereva, mafundi wa boila, watandika reli, baadhi wakiwa wamevuka miaka sabini na hata themanini. Wazee wakarudi kazini na vijana wa jeshi la kujenga taifa wakiwa wasaidizi wao. Chuma kilikusanywa kutoka mahandaki ya vita, kikanyooshwa, kikatandikwa upya. Vichwa vya Ansaldo vya miaka ya 1930 vikawashwa, pamoja na treni ndogo za Fiat ziitwazo Littorina. Mwaka 2003 reli ilifika tena Asmara. Haikuja kuwa njia kubwa ya biashara. Siku hizi hutembea zaidi kwa ajili ya wageni. Hata hivyo hakuna nchi nyingine Afrika iliyofanya kitu kama kile kwa mikono yake.

ZILIZOFUFUKA KWETU

Nanyuki kwanza. Tawi hilo lilianza kwa ujanja: wakoloni wa Kenya walipoona Hazina ya London haitaki kusikia habari ya reli mpya, waliiita njia ya Thika "tramu", ikafunguliwa mwaka 1913. Kufikia 1930 hiyo "tramu" ilikuwa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, kupitia Sagana, Karatina na Kiganjo. Baadaye treni za abiria zilikoma kwa miongo kadhaa, vibanda vikajengwa juu ya reli. Desemba 2020, baada ya ukarabati uliofanywa na Shirika la Reli, wanajeshi na vijana wa huduma kwa taifa, abiria walirudi. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kisumu.

Lakini mshindi wangu ni Tanga. Julai 2019 treni ya mizigo ilifika tena Moshi. Desemba mwaka huo abiria walisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, na Oktoba 2020 treni iliingia Arusha baada ya miaka ipatayo thelathini. Desemba haikuwa tarehe ya bahati. Anayejua Wachaga anajua kwamba Krismasi hailiwi Dar. Kila mwaka mabasi hujaa na nauli hupaa. Treni ilikuta watu wanaoihitaji, tena na virago. Mvua huivuruga mara kwa mara, na haina haraka, lakini Hedaru, Makanya na Same zimepata tena abiria wanaoshuka wakiwa na mizigo yao. Kwangu huo ni ufufuo kamili kuliko wa treni ya kitalii inayozunguka kilomita kumi na kurudi.

Kilichobaki ni mvuke. Tumefufua njia kwa dizeli, jambo la busara, lakini hakuna hata kichwa kimoja cha zamani kinachotembea kwa ratiba ili mtoto wa Korogwe au wa Voi akione. Makumbusho ya Nairobi yalishawahi kuwasha vichwa vyake kwa safari za hapa na pale, kwa hiyo uwezo si hadithi. Mafundi ndio wanaokwisha. Vichwa vya mwisho vya mvuke viliondolewa kazini karibu na 1980, na fayamani aliyekuwa kijana wakati ule sasa amevuka miaka sabini, umri uleule wa wazee walioitwa Asmara. Mashirika ya reli ya Kenya na Tanzania yana orodha za wastaafu wao, na Tabora kuna chuo cha reli chenye karakana na wanafunzi. Wawaite sasa, hata kama ni kwa kichwa kimoja na kilomita chache za Tanga–Muheza.